Kumngoja Ndama Apande Kupumua

Picha yangu ya kwanza ya nyangumi ndani ya maji ni ya mkia. Mkia unakwenda zake, umefifia ndani ya buluu, na upande wa kulia wa picha kuna povu jingi lililotoka kwenye mapezi niliyovaa miguuni. Asubuhi ile nilipiga picha zaidi ya mia moja, na karibu zote ni za mkia huohuo ukizidi kuwa mdogo.

Ilikuwa mwezi wa Agosti, Vava'u, kundi la visiwa lililo kaskazini mwa Ufalme wa Tonga. Nyangumi wa nundu wa kusini mwa dunia hushinda miezi ya kiangazi kwenye maji baridi ya Antaktika wakila krili, viumbe wadogo mfano wa uduvi, kisha hufunga safari ya maelfu ya kilomita kuja kuzaa na kupandana kwenye maji ya joto. Tonga huwaona tangu Julai hadi Oktoba. Mama mwenye mtoto mchanga hutafuta maji yaliyotulia, na Vava'u ina ghuba na vijisiwa vingi vinavyokinga upepo. Mwaka 1978 Mfalme Taufa'ahau Tupou IV alipiga marufuku uwindaji wa nyangumi, wakati waliosalia walikuwa wachache mno. Leo Tonga ni moja ya sehemu chache duniani ambako mtu anaruhusiwa kuingia majini pamoja nao, na ruhusa hiyo ina masharti: boti iwe na leseni, waogeleaji wasizidi wanne kwa wakati mmoja, mwongozaji awe majini pamoja nao, na mitungi ya hewa ibaki nchi kavu. Unaelea juu na bomba lako la kupumulia, basi.

Siku ile mwongozaji wetu, mwanamke aliyezaliwa na kukulia hukohuko visiwani, aliteleza majini peke yake kwanza. Alielea kidogo, uso ndani ya maji, kisha akainua mkono juu. Tukashuka mmoja mmoja. Nilipotazama chini nilidhani naona mwamba. Mwamba ule ulikuwa na mabawa meupe mawili, na chini ya kidevu chake palikuwa na mwamba mdogo umejibana. Mama alikuwa amelala kama mita 15 chini yetu, hatikisiki, na ndama wake amejiegesha hapo kama kifaranga chini ya bawa.

Niliona vizuri kwa macho, ila kwenye kamera sikuona kitu. Nilikuwa nimefunga lenzi ya jicho la samaki, ile inayomeza nusu ya dunia kwa mpigo, na mnyama wa mita 14 alionekana humo kama kijisamaki kimoja katikati ya maji matupu. Nikaanza kusogea. Ndama alipoachana na mama yake na kuanza kupanda ili apumue, nilipiga miguu kwa nguvu nimkate njia, kamera nimeitanguliza mbele.

Mama hakufanya fujo yoyote, na hilo ndilo linalonirudia hadi leo. Aliinuka tu, akapita katikati yangu na mtoto wake, akamweka upande wa pili. Ukuta wa mwili wake ukanipita mbele, mweusi juu, mweupe ubavuni. Halafu akapiga mkia mara tatu, polepole, na maji yakabaki matupu.

Nilitegemea nifokewe. Kwenye boti mwongozaji alivua miwani yake ya kuzamia, akakamua nywele, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Yule mtoto alikuwa karibu kunyonya."

Sentensi hiyo ilinichoma kuliko kufokewa. Jioni yake nikaanza kusoma na kuuliza, jambo ambalo ningelifanya kabla sijapanda boti. Mama wa nyangumi wa nundu hubeba mimba miezi 11 hadi 12. Tangu aondoke Antaktika mpaka arudi, hali karibu chochote. Maji yale ya joto yanayotupendeza sisi kwa uangavu wake ni maangavu kwa sababu hayana chakula. Maziwa yote anayotoa yanachotwa kwenye mafuta ya mwili wake mwenyewe, na hadi anaporudi kusini anaweza kuwa amepoteza kiasi cha theluthi ya uzito wake. Ndama naye huzaliwa akiwa na urefu wa mita 4 na zaidi, na ana wiki chache tu za kujijazia mafuta ya kukabiliana na baridi ya kusini. Maziwa yale ni mazito sana, zaidi ya theluthi yake ni mafuta matupu. Kila mara wanapolazimika kukimbia, mama na mtoto wanachoma mafuta ambayo hakuna mahali pa kuyarudisha. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi yule alikuwa anahesabu kwa mwili wake kile ambacho mimi nilikuwa nahesabu kwa idadi ya picha.

Nilirudi msimu uliofuata, na kitu cha kwanza nilichobadilisha ni lenzi. Nawashauri wote wanaoniuliza wasianze na jicho la samaki. Si lenzi mbaya. Ndama akikusogelea mwenyewe, hakuna inayoishinda. Ubaya wake ni kwamba inakusukuma. Kila unapotazama kwenye kamera inakwambia uko mbali, na mwili unaitii kabla akili haijafikiri. Nilihamia lenzi pana ya kuvuta ya milimita 16 hadi 35. Kwa hiyo naweza kukaa mita nyingi pembeni na bado mama na mtoto wakajaa kwenye fremu. Kuna na hila ya maji yenyewe: kioo bapa cha miwani ya kuzamia huvifanya vitu vionekane vikubwa na karibu zaidi, kiasi kwamba kilicho mita 8 unakiona kama kiko mita 6. Macho yanakwambia umefika, kamera inakwambia bado. Siku hizi umbali naukadiria kwa mwili wa mama. Pezi lake la ubavuni ni karibu theluthi ya urefu wake wote, mita 4 au zaidi, na kama yeye akilinyoosha lingeweza kunigusa, basi nimeshapitiliza.

Mwanga ni wa jua tu. Wapo wanaoniuliza kuhusu taa za kamera. Taa ndani ya maji hufika mita mbili tatu hivi ikiwa na nguvu ya maana, kisha inachofanya ni kuangaza kila chembe inayoelea, picha ikajaa vumbi jeupe. Na hata ingefika, siwezi kumwashia mtoto wa wiki mbili usoni. Rangi nyekundu humezwa na maji katika mita chache za kwanza, ndiyo maana kila kitu hutoka na ubuluu. Napiga kwa faili ghafi (RAW), ambazo kamera haijazichakata, na kurekebisha rangi baadaye. Mwendo wa shata hauteremki chini ya 1/250 ya sekunde, kwa sababu hata ukijiona umetulia, wimbi halijatulia.

Kuna kosa moja la mwanga lililoniharibia picha nyingi nzuri. Nyangumi wa kusini wana weupe mwingi tumboni, ubavuni na kwenye mapezi. Kamera inaona mgongo mweusi na maji ya buluu, inadhani kuna giza, inaongeza mwanga. Ndama anageuka chali ghafla, na tumbo linaungua likawa karatasi nyeupe isiyo na mstari hata mmoja. Kwa hiyo napunguza mwanga kidogo kabla sijaingia majini, ili weupe upone. Giza la mgongoni linaweza kufufuliwa kwenye kompyuta. Weupe uliokwisha kuungua ndio basi tena.

Hayo ya vifaa yana mwisho. Kilichonichukua muda kujifunza ni kukaa.

Mama akipumzika, anaweza kubaki chini dakika 15, 20, hata zaidi. Ndama hawezi. Mapafu yake ni madogo, kwa hiyo kila baada ya dakika 3 hadi 5 lazima apande juu, apumue mara kadhaa, ashuke tena. Hiyo ndiyo saa yako. Ukiijua, huna haja ya kumfuata mtu. Ukiwa umekaa mahali pazuri, pembeni, jua likiwa nyuma yako, ndama atapanda mwenyewe, na akishakuzoea atapanda upande wako.

Siku ambayo nilielewa hili kwa mwili wangu wote, tulimkuta mama amelala kwenye ghuba yenye mchanga mweupe chini. Tuliingia wanne na mwongozaji, tukajipanga bega kwa bega, wote upande mmoja, ili mama atuone sote kwa jicho moja na njia yake ya kuondokea ibaki wazi. Mikono nilikuwa nimeikunja kwenye kasha la kamera. Miguu ikining'inia.

Ndama alipanda mara ya kwanza upande wa mbali kabisa. Akapumua, akatuangalia kidogo, akateremka moja kwa moja chini ya kidevu. Dakika nne. Akapanda tena, safari hii akazunguka nusu duara. Nikashika kamera bila kuinyanyua. Mara ya tatu alizunguka duara zima na kupita juu ya mgongo wa mama yake akijisugua. Mara ya nne akaja.

Alikuwa bado na ukijivu wa wachanga, na ubavuni alikuwa na mikunjo hafifu iliyobaki tangu alipokunjwa tumboni. Pezi la mgongoni lilikuwa limelala upande mmoja, halijasimama sawasawa. Kichwani, yale manundu madogomadogo yaliyopangika mpaka kwenye mdomo, kila moja lina unywele mmoja katikati. Nilikuwa nimesoma habari ya nywele hizo lakini sikutegemea kuziona zikitikisika. Jicho liko chini, karibu na pembe ya mdomo, kahawia iliyoiva. Likanitazama kwenye kioo cha kamera, likapanda hadi kwenye uso wangu, likarudi kwenye kioo. Nafikiri alijiona mle.

Ndama haujui bado urefu wa mwili wake. Anageuka ghafla kuonyesha tumbo, na pezi linafagia mahali ulipo. Hapo kishawishi ni kupiga mateke urudi nyuma, na mateke ndiyo yanayomshtua na kumwamsha mama. Nilivuta magoti kifuani, nikajirudisha nyuma kwa kiganja kimoja, taratibu, huku nikibonyeza kitufe kwa kidole cha mkono mwingine. Picha 11. Nilitaka kupiga zaidi, ila kioo cha kuba kilicho mbele ya lenzi kilikuwa na viputo viwili vya hewa vimenata, na niliogopa kuvifuta.

Kisha nikahisi maji yakinisukuma kutoka chini. Mama alikuwa anapanda. Sikuwa na pa kwenda, na sikutakiwa kwenda popote. Alipanda ubavuni kwangu kabisa, tani 30 hivi, na pezi lake lililokuwa njia moja na miguu yangu akaliteremsha. Alilikunja chini kidogo, likapita bila kunigusa, akalinyoosha tena upande wa pili. Sijui niite nini kitendo kile kama si adabu.

Wakati wote ule hapakuwa na sauti yoyote. Wengi wanatarajia nyimbo. Nyimbo ni za madume, na ukielea juu ya dume anayeimba unazisikia kifuani kabla ya masikioni. Mama na ndama ni watu wa kunong'ona. Mwaka 2017 watafiti waliokuwa wamewabandika ndama na mama zao vifaa vya kurekodi katika Ghuba ya Exmouth, Australia Magharibi, walieleza kwamba wawili hao huwasiliana kwa miguno na milio ya chini sana, isiyofika mbali. Maelezo yao ni kwamba huenda wanajificha: nyangumi wauaji wasisikie alipo mtoto, na madume yanayotafuta jike yasije kumsumbua mama. Tangu niisome habari hiyo, injini ya boti inaniuma masikio. Nahodha akiniuliza kama asogee kidogo ili nisiogelee mbali, namwambia asisogee. Mita mia za kuogelea polepole zinanichosha mimi tu.

Kukaa bila kutikisika kuna gharama. Maji ya nyuzi 24 yanaonekana ya uvuguvugu ukiwa unaogelea. Ukielea dakika 40 bila kutumia misuli, meno yanagongana na mikono inatikisa kamera. Ninavaa suti ya milimita 5 hata pale wenzangu wanapovaa ya 3. Nimeacha pia kuzama kwa pumzi ndama akiwa mchanga sana. Najua picha zinazopigwa kutoka chini, jua likipasuka juu ya mgongo wa mtoto, zinavyopendeza. Lakini mtu anayezama anatokea upande ambao mama hakumtegemea. Na ukijizoeza kuhema harakaharaka kabla ya kuzama ili ukae zaidi, unaweza kuzimia ukiwa karibu kufika juu, bila dalili yoyote kabla. Anayetaka kuzama ajifunze kwa mwalimu, na asizame kamwe bila mwenzake anayemtazama.

Dalili za mama anayetaka kuachwa nimezijua moja moja, nyingine kwa kuzikosea. Anapumua mara nyingi na kwa muda mfupi. Anamsogeza mtoto upande wa pili. Anaanza kwenda, hata kama ni polepole kiasi kwamba unadhani unaweza kuandamana naye. Unaweza, na hupaswi. Mkia ukianza kutikiswa kutoka upande hadi upande, ulikwisha chelewa. Mara nyingine kuna dume linaloambatana na mama huyo, nalo huwa na maoni yake. Mara moja dume lilituachia ukuta wa mapovu kutoka chini, mzito hata tukapotezana machoni. Tulitoka majini wote bila kuambiwa.

Zipo siku nyingi za bure. Katika safari ya siku tisa, siku tano tulirudi bandarini Neiafu bila hata mmoja wetu kulowa. Akina mama waliokuwepo hawakutaka wageni. Mgeni mmoja kwenye boti alikasirika, akasema amelipa na ametoka mbali. Mwongozaji akamjibu kwamba wale nao wametoka mbali. Nilimwonea huruma mgeni yule, kwa sababu msimu uliotangulia nilikuwa mimi.

Siku ya mwisho ya safari hiyo tulimwona tena mama wa ghuba ya mchanga. Nilimtambua kwa kovu jeupe chini ya pezi la mgongoni. Ilikuwa imepita wiki moja. Ndama alikuwa amenenepa shingoni, na pezi lake la mgongoni limeanza kusimama. Tulikaa kwenye boti, injini imezimwa, tukawatazama. Mama akapumua, akasogea. Akapumua tena, akasogea tena, mtoto akiwa ng'ambo yake. Mwongozaji hakugusa hata miwani yake. Sikumwuliza.

Kitu kimoja tu nilikuwa nakihitaji. Upande wa chini wa mkia wa nyangumi wa nundu una michoro ya weusi na weupe isiyofanana kati ya mmoja na mwingine, kama alama za vidole vya binadamu. Kwa picha ya mkia watafiti humtambua nyangumi huyohuyo miaka mingi baadaye, hata akiwa upande mwingine wa bahari, na mtu yeyote anaweza kuwasilisha picha zake Happywhale, tovuti ya kuwatambua nyangumi kwa picha, zikalinganishwa na maelfu ya nyingine. Ila mama mwenye mtoto mchanga huzama kwa upole, mkia wake hauinui juu, na kwa wiki nzima hakuwa ameuonyesha.

Nilikaa ubavuni mwa boti na lenzi ndefu. Walipofika kwenye mdomo wa ghuba, pale chini panapogeuka buluu nzito, alipiga pumzi ndefu, mgongo ukapinda juu kuliko siku zote, na mkia ukatoka majini wote, ukasimama, maji yakichuruzika kwenye kingo zake: mweupe kulia, mweusi kushoto, na mkwaruzo mrefu karibu na ncha. Nikabonyeza mara moja. Ndama akarusha mkia wake nyuma ya wa mama, haukutoka wote.